Sura ya 1: Aliyefunga Hupata Wapi Nguvu?

Mwezi wa Ramadhani unapoandama, swali moja huulizwa upya na wanafunzi darasani, na majirani wasiofunga, na hata na wafungaji wenyewe: inakuwaje mtu aliyekula mara ya mwisho kabla ya alfajiri akaweza kubeba zege, kufundisha, kuendesha daladala au kupika futari ya familia nzima, bila tonge wala funda la maji, hadi jua linapozama? Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ulio karibu na mstari wa ikweta, muda huo ni takriban saa 13 msimu wowote wa mwaka, ilhali kwa Waswahili wanaoishi Uingereza, mfungo ukiangukia kiangazi huweza kuzidi saa 16. Chakula hakiingii, lakini moyo haupumziki, ubongo hauachi kufikiri, na joto la mwili hubaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi.

Jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba mwili "umezoea", halitoshi, kwa sababu hata mtu mzima mwenye afya anayefunga kwa mara ya kwanza kwa kawaida huimaliza siku yake salama. Jibu lenyewe haliwezi kutolewa kwa kutaja tumbo peke yake, wala damu peke yake; linadai karibu kila mfumo wa mwili utajwe, na ndiyo sababu siku moja ya mfungo imechaguliwa katika sura hii kuwa njia ya kuitambulisha mifumo hiyo. Hoja itakayojengwa ni kwamba mifumo ya mwili hutenganishwa vitabuni ili ifundishike, lakini mwilini hakuna mfumo unaojitosheleza: kila mmoja huishi kwa kazi ya mingine, na jukumu linaloiunganisha yote ni kuhakikisha kuwa hali ya ndani haiyumbi sana hata mambo ya nje yakibadilika.

Kutoka seli hadi mfumo

Sehemu ndogo kabisa ya mwili yenye uhai ni seli, ambayo haionekani kwa macho bila hadubini. Seli za aina moja zikikusanyika na kufanya kazi moja huitwa tishu, kama ilivyo tishu ya misuli au ya neva. Tishu za aina mbalimbali zikiungana kuwa kitu kimoja chenye umbo na kazi maalumu huitwa ogani, kama vile moyo, ini au figo. Na ogani kadhaa zinazoshirikiana kutimiza kazi moja kubwa ndizo zinazoitwa mfumo. Wataalamu wengi huihesabu mifumo hiyo kuwa 11:

1. Mfumo wa ngozi, unaoufunika mwili na kusaidia kudhibiti joto lake.
2. Mfumo wa mifupa, unaoushikilia mwili na kuzilinda ogani laini.
3. Mfumo wa misuli, unaouwezesha mwili kujongea na kuzalisha joto.
4. Mfumo wa neva, yaani mfumo wa fahamu, unaopokea taarifa na kutoa amri za haraka.
5. Mfumo wa homoni, unaotoa amri za taratibu kwa kutumia kemikali zinazosafiri katika damu.
6. Mfumo wa mzunguko wa damu, unaosafirisha chakula, hewa, homoni na taka.
7. Mfumo wa limfu na kinga, unaopambana na vijidudu na kurudisha majimaji kwenye damu.
8. Mfumo wa upumuaji, unaoingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi.
9. Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, unaovunja chakula kiweze kuingia kwenye damu.
10. Mfumo wa mkojo, unaosafisha damu na kupima maji na chumvi.
11. Mfumo wa uzazi, unaoendeleza kizazi.

Orodha hiyo ni ya manufaa, ila haifai kuchukuliwa kana kwamba mipaka yake imechorwa mwilini. Kongosho, kwa mfano, ni ogani iliyolala nyuma ya tumbo, na huhesabiwa katika mifumo miwili kwa wakati mmoja, kwa sababu humwaga majimaji ya kumeng'enyea chakula kwenye utumbo na papo hapo hutoa homoni kwenye damu. Mifupa nayo, ambayo ni 206 kwa mtu mzima, hubeba ndani yake uboho ambamo seli za damu huzaliwa, na hutunza takriban asilimia 99 ya kalisi yote ya mwili.

Saa za mwanzo: daku bado linaliwa ndani

Mtu akila wali, maharage na kipande cha samaki wakati wa daku, mmeng'enyo huanzia kinywani. Meno husaga, na mate huleta vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazoharakisha kuvunjwa kwa chakula, ambavyo huanza kuukata wanga wa wali hata kabla haujamezwa. Tonge hupita kwenye umio, ambao ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25, na halishuki kwa uzito wake tu bali husukumwa na mawimbi ya misuli, ndiyo maana mtu aweza kumeza hata akiwa amelala. Tumboni chakula hukorogwa pamoja na asidi kali inayoua vijidudu vingi na kuandaa protini za samaki na maharage kuvunjwa, na humo hukaa kwa saa kadhaa, huku chakula chenye mafuta mengi kikichelewa zaidi kutoka.

Kazi kubwa hufanyika kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6. Nyongo inayotengenezwa na ini huyagawanya mafuta kuwa matone madogo, na vimeng'enya vya kongosho hukamilisha kuvunja wanga kuwa sukari rahisi, protini kuwa asidi za amino, na mafuta kuwa asidi za mafuta. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijinyuzi vidogo mno vinavyoongeza eneo la kufyonzea, na kupitia kwavyo sukari na asidi za amino huingia kwenye damu, ilhali sehemu kubwa ya mafuta hupitia kwanza kwenye mishipa ya limfu. Mabaki huingia kwenye utumbo mpana, ambako maji hufyonzwa na kinyesi huundwa.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kwa saa nne au tano baada ya daku, aliyefunga kwa nia bado hajafunga kwa mwili, kwani chakula kingali kinaingia kwenye damu kutoka utumboni. Hapo ndipo hekima ya kulichelewesha daku na kulijaza vyakula vinavyomeng'enywa taratibu, kama maharage, kunde na nafaka zisizokobolewa, inapopata maelezo yake: kadiri chakula kinavyovunjwa polepole, ndivyo sukari inavyoingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kufurika na kupungua ghafla.

Mchana: ini, kongosho na sukari ya damu

Sukari inayosafiri kwenye damu huitwa glukosi, na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika damu yote ya mtu mzima, ambayo ni takriban lita 5, glukosi iliyomo kwa wakati mmoja haizidi sana gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake, ingawa uzito wake ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia kama asilimia 20 ya nishati yote ya mtu aliyepumzika, na hutegemea glukosi kiasi cha gramu 120 kwa siku. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba ubongo ungeweza kuimaliza sukari yote ya damu kwa muda wa saa moja hivi, endapo isingejazwa tena. Swali la aliyefunga kwa hiyo hugeuka kuwa swali la ini.

Ini, lenye uzito wa karibu kilo moja na nusu, hufanya kazi inayofanana na ya ghala la kijiji: wakati wa mavuno hupokea ziada, na wakati wa upungufu hutoa kwa kipimo. Mtu anapokula, sehemu ya glukosi iliyozidi hugeuzwa kuwa glikojeni, ambayo ni minyororo mirefu ya glukosi iliyofungwa pamoja kwa ajili ya kuhifadhiwa, na ini lililojaa huweza kutunza takriban gramu 100. Misuli nayo huhifadhi glikojeni, tena nyingi zaidi, lakini huitumia yenyewe na haiwezi kuirudisha kwenye damu ikiwa glukosi. Ini ndilo lenye uwezo huo. Aliyeligundua jambo hili ni mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard, katikati ya karne ya 19, na kutokana na uchunguzi wake alisisitiza kwamba uhai wa kiumbe hutegemea uthabiti wa mazingira yake ya ndani. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon aliupa uthabiti huo jina la homeostasisi, linalotumika hadi leo.

Ghala halifunguki lenyewe. Amri hutolewa na kongosho, ambalo hupima sukari ya damu wakati wote na kujibu kwa homoni mbili zinazopingana. Sukari ikipanda baada ya chakula, hutoka insulini, ambayo huziruhusu seli za misuli na mafuta kuichukua glukosi na kuliamuru ini liihifadhi; sukari ikishuka wakati wa mfungo, insulini hupungua na hutoka glukagoni, ambayo huliamuru ini livunje glikojeni na kuiachilia glukosi kwenye damu. Saa zinavyosonga, ini huanza pia kutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu visivyo wanga, kama vile gliseroli itokayo kwenye mafuta na baadhi ya asidi za amino. Wakati huohuo mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni hufunguliwa, na misuli huyatumia kuwa kuni zake, hivyo ikauachia ubongo glukosi iliyopo. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga, na hata mtu mwembamba hubeba kilo kadhaa za mafuta.

Njaa yenyewe nayo ina mwendo wake. Tumbo tupu huendelea kujikaza kwa mawimbi yanayorudi takriban kila baada ya dakika 90 hadi 120, yakisukuma mabaki, hewa na majimaji kuelekea utumboni, na mngurumo unaosikika ni sauti ya kazi hiyo ya usafi. Sambamba na hayo, tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, inayouchochea ubongo kutaka chakula, na kiwango chake hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula, kisha hushuka hata asipokula. Ndiyo maana njaa kali ya saa saba mchana mara nyingi hupoa yenyewe kufikia saa tisa, bila aliyefunga kuonja kitu.

*Kwa ufupi:* nguvu za aliyefunga hutoka kwanza kwenye daku lililomo utumboni, kisha kwenye glikojeni ya ini, na hatimaye kwa kiasi kinachozidi kuongezeka kwenye mafuta. Mpangaji wa zamu hizo ni homoni, na msafirishaji ni damu.

Damu na pumzi: safari isiyokatika

Glukosi huzifaa seli nyingi kidogo tu ikiwa haikufuatana na oksijeni, kwa kuwa oksijeni ndiyo inayoziwezesha kuivuna sehemu kubwa ya nishati iliyomo. Mtu aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika, na kila pumzi hufika kwenye mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni, ambavyo kuta zake ni nyembamba kiasi cha kuiruhusu oksijeni ipenye hadi kwenye damu na kabonidayoksaidi itoke. Oksijeni hiyo hubebwa na chembe nyekundu za damu, kila moja ikiishi takriban siku 120 kabla ya kubadilishwa na nyingine kutoka kwenye uboho wa mifupa.

Moyo hupiga kwa kawaida kati ya mara 60 na 100 kwa dakika na kuisukuma damu katika mizunguko miwili: mmoja mfupi wa kwenda mapafuni na kurudi, na mwingine mrefu wa kwenda mwilini kote. Mzunguko mfupi ulielezwa katika karne ya 13 na Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa karibu na Damascus na kufanya kazi Cairo, na mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha uthibitisho kwamba damu yote huzunguka na kurudi moyoni. Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni, vena ni inayoirudisha, na kapilari ni vimishipa vyembamba mno vinavyounganisha hizo mbili, ambamo kubadilishana kwa hewa, chakula na taka hufanyika.

Kiu na joto: figo na ngozi

Kwa wafungaji wengi wa pwani, hasa Ramadhani inapoangukia miezi ya joto la Kaskazi, kiu huwasumbua kuliko njaa, na sababu yake ni kwamba mwili una akiba ya chakula lakini hauna akiba ya maji ya namna hiyo. Takriban asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mzima ni maji, na hupungua kila saa kwa njia nne: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi na kinyesi.

Ulinzi mkuu hufanywa na figo. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, lakini karibu yote hurudishwa, na mkojo unaotoka kwa kawaida ni lita moja hadi mbili tu. Damu inapoanza kuwa nzito kwa kupungukiwa na maji, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huitambua hali hiyo na kufanya mambo mawili: huamsha hisia ya kiu, na kuiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni inayozielekeza figo kurudisha maji zaidi kwenye damu. Matokeo yake huonekana wazi alasiri, pale mkojo unapokuwa mchache na wenye rangi ya manjano iliyokolea. Katika tukio hilo moja mfumo wa neva umepima, mfumo wa homoni umeamuru, damu imebeba amri na mfumo wa mkojo umetekeleza.

Ngozi kwa upande wake huvutwa na haja mbili zisizopatana, kwa kuwa mwili unataka kutunza maji, na bado hauwezi kuacha kutoa jasho pale joto linapozidi. Jasho hupoza kwa kukauka juu ya ngozi, na katika hewa yenye unyevunyevu mwingi, kama ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, hukauka kwa shida, hivyo mtu hutiririka jasho bila kupoa ipasavyo. Kwa sababu hiyo anayefanya kazi juani hupoteza maji mengi zaidi kuliko aliye kivulini, na kupanga kazi nzito zifanyike asubuhi ni uamuzi unaopatana na fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi.

Kuumwa kichwa siku za mwanzo za mfungo si lazima kuletwe na kiu au njaa. Kwa waliozoea kahawa au chai kila siku, mara nyingi chanzo ni kukosa kafeini, ambayo ukosefu wake huanza kuhisiwa baada ya saa 12 hadi 24, na maumivu hayo hupungua mwili unapozoea.

Kuinuka bila kuanguka: mifupa, misuli na neva

Aliyefunga anapoinuka ghafla baada ya kuketi kwa muda mrefu, huweza kuona giza machoni kwa nukta chache. Mtu anaposimama, zaidi ya nusu lita ya damu huvutwa kuelekea miguuni na tumboni, na shinikizo la damu inayokwenda kichwani hushuka. Kwenye ateri za shingo zimo neva zinazohisi mabadiliko hayo na kupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na katika muda mfupi kuliko pumzi moja jibu hurudi: moyo huongeza mapigo na mishipa ya miguu hujibana. Misuli ya vigimbi nayo, inapojikaza, huikamua damu ya vena kwenda juu, huku vilango vidogo ndani ya vena vikiizuia isirudi chini. Jioni, maji ya mwili yakiwa yamepungua, urekebishaji huo huchelewa kidogo, na hapo kizunguzungu hutokea. Kuinuka taratibu huipa mifumo hiyo nafasi ya kuwahiana.

Kusimama kwenyewe kunahitaji zaidi ya damu. Mifupa hutoa nguzo, viungo hutoa mahali pa kukunjia, na misuli, ambayo idadi yake huzidi 600, huivuta mifupa kwa kupitia kano, yaani kamba ngumu zinazouunganisha msuli na mfupa. Kila msuli hungoja amri ya neva, na neva zenye kasi kubwa husafirisha taarifa kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Sehemu ya mfumo wa neva hutii hiari ya mtu, kama anapoamua kuinua mkono, na sehemu nyingine, inayosimamia moyo, mishipa, utumbo na tezi, hufanya kazi bila kumsubiri aamue.

Mifumo isiyojitokeza: kinga na uzazi

Mifumo miwili huweza kuonekana kana kwamba haihusiki na mfungo, nayo ni ya kinga na ya uzazi. Majimaji yanayovuja kutoka kwenye kapilari hukusanywa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu, na njiani hupita kwenye tezi ndogo ambako seli nyeupe huchunguza kama yana vijidudu. Kidonda cha mguuni kikiingia uchafu, tezi za kinena huvimba na kuuma, na uvimbe huo ndio unaojulikana kwa wengi kuwa mtoki. Si ugonjwa unaojitegemea bali ni dalili kwamba kinga imekutana na adui mahali fulani chini yake. Kazi hii haiahirishwi kwa sababu mtu amefunga.

Mfumo wa uzazi hauhitajiki ili mtu mwenyewe aishi, lakini huweza kuibebesha mifumo mingine mzigo mkubwa. Wakati wa ujauzito kiasi cha damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, moyo na figo zake hufanya kazi zaidi, na glukosi yake hugawiwa kiumbe kingine kisicho na akiba yake ya kutosha. Na anayenyonyesha hupoteza maji kila siku kupitia maziwa. Ruhusa ambayo sheria ya Kiislamu imewapa wajawazito na wanyonyeshaji wanaohofia afya zao au za watoto wao, ya kufungua na kulipa baadaye, inakubaliana na mambo haya ya mwili.

Magharibi: mwili hujiandaa kabla ya adhana

Harufu ya kalimati zinazokaangwa na uji wa pilipili manga inapoanza kusambaa mtaani, mate humjaa mtu kinywani ingawa hajagusa kitu. Pua imehisi, ubongo umekumbuka, na neva zimeziamuru tezi za mate na za tumbo zianze kazi mapema. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alipata heshima hiyo kwa kuchunguza namna neva zinavyoongoza mmeng'enyo.

Tende inayotangulizwa na wengi ina sukari nyingi ambayo tayari ni rahisi, hivyo haisubiri kuvunjwa kwa muda mrefu kama wanga wa muhogo, na huingia kwenye damu upesi. Maji hurudisha ujazo wa damu. Baada ya hapo, kujaza tumbo kwa pupa vitu vya kukaanga na vyenye sukari nyingi huleta matatizo yanayofahamika: tumbo lililofura huisukuma asidi yake hadi kwenye umio na kusababisha kiungulia, na mmiminiko mkubwa wa sukari hulitaka kongosho litoe insulini nyingi kwa mkupuo. Usingizi unaofuata shibe nao huchangiwa na neva zinazouelekeza mwili kwenye mapumziko na mmeng'enyo.

Mfumo mmoja ukiyumba

Uhusiano wa mifumo huonekana zaidi pale mmoja wake unapoharibika, na kisukari ni mfano wa wazi. Katika kisukari cha aina ya 1, mfumo wa kinga hukosea na kuziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika aina ya 2, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, seli za mwili huipuuza insulini, na kongosho hatimaye hushindwa kukidhi mahitaji. Kwa vyovyote vile glukosi hubaki kwenye damu, na baada ya miaka mingi huharibu mishipa midogo, hivyo ugonjwa ulioanzia kwenye homoni hudhihirika kwa macho kufifia, figo kushindwa kuchuja, miguu kufa ganzi na vidonda kukataa kupona. Hadi insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921 kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, watoto wenye aina ya 1 hawakuwa na tiba ya kuwaokoa.

Kwa mgonjwa wa kisukari, hasa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, mpangilio wa zamu ulioelezwa juu hauendi wenyewe, kwa sababu dawa huendelea kushusha sukari hata ghala la ini linapopungua. Mtu wa namna hiyo, na vilevile mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, anapaswa kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani ili dawa zake zipangwe upya au ashauriwe asifunge. Akifunga, apime sukari yake mchana, na afungue mara moja yakitokea haya:

- sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita;
- kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa;
- sukari ikipanda kupita milimoli 16.6 kwa lita;
- kutapika, kuishiwa maji au kuzirai.

Muhtasari wa sura

- Seli huunda tishu, tishu huunda ogani, na ogani zinazoshirikiana huunda mfumo. Mifumo huhesabiwa kuwa 11.
- Mfungo wa saa 13 huwezekana kwa mtu mwenye afya kwa sababu daku huendelea kumeng'enywa kwa saa kadhaa, ini lina akiba ya glukosi, na mafuta hubeba sehemu iliyobaki.
- Maji hayana akiba kama chakula. Figo, ngozi, ubongo na homoni hushirikiana kuyabana.
- Neva hutoa amri za haraka, homoni hutoa za taratibu, na damu ndiyo njia inayopitiwa na karibu kila kitu.
- Ogani moja huweza kuwa ya mifumo miwili, na ugonjwa ulioanzia kwenye mfumo mmoja huweza kujitokeza kwenye mwingine.

Jambo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kwa msomaji atakapofika hospitali. Daktari akimwuliza mgonjwa wa vidonda vya miguu kuhusu mkojo wake, au akimpima macho aliyekuja kulalamikia kiu isiyokwisha, hapotezi muda wala hajakosea chumba. Anafuata njia ambazo mifumo imezitumia kufikishiana madhara. Kwa kuwa njia hizo kwa sehemu kubwa hupitia kwenye damu, sura inayofuata itaanza na damu yenyewe: imeundwa na nini, inatengenezwa wapi, na kwa nini damu ya mtu mmoja haimfai kila mwingine.